Sheria Ilivyoikimbiza Simu Barabarani

Tarehe 17 Juni 1946, katika jiji la St. Louis, jimbo la Missouri nchini Marekani, simu ya kwanza ya huduma mpya ya kampuni za Bell ilipigwa kutoka ndani ya gari. Mitambo yake ilikuwa na uzito wa karibu kilo 36 na ilikaa kwenye buti. Mpigaji alimwita opereta kwanza, naye opereta ndiye aliyemuunganisha na mwenziwe. Alipotaka kusema alibonyeza kitufe, alipotaka kusikiliza alikiachia. Masafa yalikuwa finyu, kiasi kwamba jiji zima lilibeba mazungumzo matatu tu kwa wakati mmoja. Hata hivyo, kufikia 1948 huduma hiyo ilikuwa imeenea katika miji na njia kuu karibu 100, ikiwa na wateja 5,000 waliopiga simu 30,000 kila wiki.

Hakuna aliyetunga sheria ya kuizuia. Wateja walikuwa wachache, gharama ilikuwa kubwa, na magari mengi hayakuwa na chombo hicho.

Si kwamba hofu haikuwepo. Miaka 16 kabla ya hapo, redio ilipoanza kufungwa garini, watu walijiuliza kama dereva anayesikiliza muziki ataisikia honi ya mwenzake. Mwaka 1930 yalitolewa mapendekezo ya kupiga marufuku redio za garini katika jimbo la Massachusetts na katika St. Louis hiyohiyo. Mapendekezo yakafa, redio ikabaki, na watunga sheria wakaondoka na somo ambalo lingewagharimu baadaye: kwamba kila chombo kipya huogopwa, kisha huzoeleka.

Simu ya mkononi ilikuja kwa njia hiyohiyo ya gari. Aprili 1973 mhandisi Martin Cooper wa Motorola alisimama katika barabara ya New York akiwa na kifaa cha zaidi ya kilo moja na kumpigia Joel Engel wa Bell Labs, mpinzani wake, kumjulisha kwamba amemtangulia. Miaka kumi baadaye, tarehe 13 Oktoba 1983, huduma ya kwanza ya kibiashara ya Marekani ilizinduliwa mjini Chicago, na mkuu wa kampuni ya Ameritech Mobile, Bob Barnett, alipiga simu ya uzinduzi akiwa ameketi ndani ya gari la wazi karibu na uwanja wa Soldier Field. Mahali pale hapakuchaguliwa kwa bahati. Kampuni za simu zilikuwa zinamuuzia dereva: mfanyabiashara aliye njiani, wakala wa nyumba, daktari anayeitwa hospitalini. Kwa hiyo anayeshangaa leo kwa nini ni vigumu kuitenganisha simu na usukani akumbuke kwamba vilifungishwa ndoa na waliokuwa wakiiuza.

Ushahidi mzito wa kwanza ulitoka Toronto, Kanada. Februari 1997 watafiti wawili, daktari Donald Redelmeier na mtakwimu Robert Tibshirani, walichapisha utafiti katika jarida la tiba la New England Journal of Medicine. Waliwachukua madereva 699 waliokuwa na simu na waliowahi kupata ajali zilizoharibu magari lakini hazikuwajeruhi. Kisha wakapekua ankara zao: simu 26,798 walizopiga na kupokea siku ya ajali na wiki iliyotangulia. Jibu lilikuwa kwamba dereva anapoongea na simu, hatari ya kugonga au kugongwa hupanda karibu mara nne. Watafiti hawakuficha upande wa pili, kwani asilimia 39 ya madereva hao walitumia simu zao kuita msaada baada ya ajali.

Lakini lililopaswa kubadilisha mambo yote lilikuwa jambo la tatu. Simu ambazo hazikushikwa mkononi, zile zilizofungwa garini zenye spika, hazikuonyesha usalama wowote zaidi ya zile za kushika. Hatari haikuwa kwenye vidole. Ilikuwa kichwani mwa mtu anayemjibu bosi wake huku akikaribia makutano ya barabara.

Sheria zilipoanza kuja, zilikamata vidole.

Japani ilipiga marufuku kushika simu wakati wa kuendesha kuanzia Novemba 1999. Mwaka huohuo mji mdogo wa Brooklyn, jimbo la Ohio, ukawa wa kwanza nchini Marekani kufanya hivyo. Mji huo huo mwaka 1966 ulikuwa umeitangulia nchi nzima kulazimisha mikanda ya usalama. Katika jimbo la New York, mbunge Felix Ortiz, ambaye naye aliwakilisha Brooklyn, ile ya jiji la New York, alikuwa ameusukuma muswada wake kwa miaka kadhaa bila mafanikio. Juni 2001 gavana George Pataki akautia saini, na kuanzia Novemba mosi New York ikawa jimbo la kwanza kukataza simu ya kushika, kwa faini isiyozidi dola 100. Uingereza ikafuata tarehe 1 Desemba 2003, kwa faini ya pauni 30. Katika sheria zote hizo dereva aliruhusiwa kuendelea na maongezi yaleyale ilimradi mikono iwe kwenye usukani. Kampuni zikauza vifaa vya masikioni, na mamilioni ya watu wakaamini kwamba wamekuwa salama kwa sababu wamekuwa halali.

Mwaka 2006 David Strayer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Utah waliwaweka watu 40 kwenye mtambo wa kuigiza uendeshaji. Waliwapima wakiwa timamu, wakiongea na simu ya kushika, wakiongea na simu isiyoshikwa, na wakiwa wamelewa kufikia kiwango cha 0.08 ambacho sheria ya Marekani inakiita ulevi. Watatu kati yao waligonga gari la mbele. Wote watatu walikuwa kwenye simu. Walipokuwa wamelewa hakuna aliyegonga.

Wakati mjadala ukiwa bado kwenye maongezi, chombo kilikwisha kubadilika tena. Ujumbe wa kwanza wa maandishi ulitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, na ndani ya miaka 15 vijana walikuwa wakiandika meseji zaidi kuliko kuongea. Meseji ni hatari ya aina yake, kwa sababu inachukua macho, mkono na akili kwa pamoja. Kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa, gari husafiri mita 25 kila sekunde. Anayesoma meseji kwa sekunde tano amepita zaidi ya mita 120 pasipo kuitazama barabara. Jimbo la Washington lilitunga mwaka 2007 sheria ya kwanza ya jimbo dhidi ya meseji garini.

Kilichowaamsha Wamarekani wengi zaidi ni vifo. Septemba 2006, katika jimbo la Utah, kijana wa miaka 19 akiwa anatumiana meseji alivuka mstari wa kati, na wanasayansi wawili waliokuwa wakienda kazini wakafa. Utah haikuwa na sheria iliyolitaja kosa hilo, na waendesha mashtaka walihangaika kutafuta kifungu. Mwaka 2009 jimbo lilijibu kwa kuruhusu kifungo cha hadi miaka 15 kwa anayesababisha kifo akiwa anaandika meseji. Septemba 2008 treni ya abiria iligongana uso kwa uso na treni ya mizigo huko Chatsworth, Los Angeles, watu 25 wakafa. Rekodi zilionyesha kwamba dereva wa treni alituma meseji sekunde 22 kabla ya mgongano. Mwaka uliofuata mwandishi Matt Richtel aliandika mfululizo wa makala katika New York Times uliopata tuzo ya Pulitzer mwaka 2010, na Rais Barack Obama, Oktoba 2009, akawakataza watumishi wa serikali kuu kuandika meseji wanapoendesha magari ya umma.

Missouri, ilikozaliwa simu ya garini, ilichukua hatua mwaka huohuo wa 2009, lakini nusu tu. Ilikataza meseji kwa madereva wa miaka 21 na chini. Mtu wa miaka 22 aliruhusiwa kuandika apendavyo.

Asubuhi ya tarehe 5 Agosti 2010, kwenye barabara kuu ya Interstate 44 karibu na Gray Summit, magharibi mwa St. Louis, magari yalipunguza mwendo kwa sababu ya ujenzi mbele. Kichwa cha trela kilikuwa kimepunguza mwendo pamoja na foleni. Pikapu iliyokuwa nyuma yake ikakigonga. Basi la shule likaigonga pikapu, na basi la pili la shule likaligonga la kwanza. Mabasi hayo yalibeba wanafunzi wa bendi ya shule ya sekondari waliokuwa wakienda kwenye bustani ya michezo. Watu wawili walikufa, dereva wa pikapu na mwanafunzi wa miaka 15. Majeruhi walikuwa 38. Wachunguzi walipoichukua simu ya dereva wa pikapu walikuta meseji 11 zilizotumwa na kupokelewa ndani ya dakika 11 kabla ya ajali.

Dereva huyo alikuwa na miaka 19. Sheria ya Missouri, ile ya nusu, ilimhusu kikamilifu. Ilikuwa imemkataza, na haikumzuia.

Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani haikuishia kwenye kosa la kijana mmoja. Ilibaini pia kwamba dereva wa basi la kwanza macho yake yalikuwa yamevutwa na basi jingine lililosimama kando ya barabara. Tarehe 13 Desemba 2011, chini ya mwenyekiti Deborah Hersman, bodi iliyataka majimbo yote 50 yapige marufuku matumizi ya vifaa vya kielektroniki vya kubebeka kwa kila dereva, isipokuwa kwa dharura au kwa vifaa vinavyosaidia kuendesha gari. Marufuku hiyo ilihusu hata simu isiyoshikwa mkononi. Kwa mara ya kwanza chombo rasmi cha taifa kilisema kwa sauti yale yaliyoandikwa Toronto miaka 14 nyuma. Bodi ina uwezo wa kupendekeza tu. Hakuna jimbo hata moja lililolitekeleza pendekezo hilo kwa madereva wote.

Missouri yenyewe ilikawia miaka mingine 12. Tarehe 28 Agosti 2023 ndipo sheria ya kukataza simu ya kushika kwa watu wa rika zote ilipoanza kazi, na ikapewa majina ya familia mbili zilizopoteza wapendwa wao na kupanda ngazi za bunge hadi waliposikilizwa. Hata hapo, polisi walipaswa kutoa onyo tu hadi mwanzo wa 2025. Tena hawawezi kumsimamisha dereva kwa kosa la simu peke yake. Lazima awe ametenda kosa jingine kwanza. Sheria ya namna hiyo inawaomba polisi wasubiri gari liyumbe ndipo waulize kwa nini limeyumba.

Uingereza ilijifunza kwa njia nyingine, kupitia maneno ya sheria yenyewe. Kanuni ya 2003 ilikataza simu ya kushika au kifaa chochote cha mkononi kinachofanya mawasiliano ya kutuma na kupokea. Mwaka huo maneno hayo yalitosha, kwa kuwa kazi kubwa ya simu ilikuwa kuwasiliana. Adhabu ilipandishwa mara kwa mara, hadi Machi 2017 ikafika pauni 200 na pointi sita kwenye leseni. Hii ilikuja miezi michache baada ya dereva wa lori aliyekuwa akichagua muziki kwenye simu kumuua mama mmoja na watoto watatu katika barabara ya A34, na kufungwa miaka kumi. Mwaka 2019 mchezaji mstaafu David Beckham alizuiwa kuendesha kwa miezi sita baada ya kuonekana ameshika simu akiwa kwenye foleni ya magari katikati ya London, kwa sababu tayari leseni yake ilikuwa na pointi sita za mwendo kasi.

Lakini chini ya miezi mitatu baada ya Beckham kuzuiwa, kanuni hiyo ilipasuka. Agosti 2017 dereva mmoja wa kaskazini magharibi mwa London alipita mahali penye ajali, akainua simu na kurekodi video kwa sekunde kadhaa. Alihukumiwa, akakata rufaa, akashinda. Serikali ikaenda Mahakama Kuu, na Julai 2019 majaji wakasema kwamba kupiga video si mawasiliano, kwa hiyo kanuni ile haikuvunjwa. Majaji walisisitiza kwamba hawampi mtu ruhusa ya kufanya hivyo, kwani kosa la kuendesha bila uangalifu lingali lipo. Bunge lilihitaji karibu miaka mitatu kuziba ufa. Tangu tarehe 25 Machi 2022 ni kosa nchini humo kushika simu na kuitumia kwa lolote lile, iwe kupiga picha, kucheza gemu au kutafuta wimbo. Sheria iliyoandikwa kwa kuitazama simu ya 2003 haikuweza kumshika mtu mwenye simu ya 2017.

Ghuba ilipata kipimo chake kwa ajali ya mitambo. Oktoba 2011 huduma ya meseji ya BlackBerry ilikatika kwa siku tatu katika nchi nyingi. Wakuu wa polisi wa Falme za Kiarabu walitangaza kwamba katika siku hizo ajali zilipungua kwa asilimia 20 Dubai na kwa asilimia 40 Abu Dhabi. Hesabu ya siku tatu si utafiti, lakini polisi waliokuwa barabarani hawakuhitaji kushawishiwa. Mwaka 2017 faini ya kutumia simu huko ilipandishwa hadi dirham 800 pamoja na pointi nne. Nako Australia, jimbo la New South Wales lilianza Desemba 2019 kufunga kamera za kutambua simu mikononi mwa madereva, za kwanza za aina hiyo duniani. Katika majaribio ya miezi sita zilikagua magari milioni 8.5 na kuwanasa madereva zaidi ya 100,000. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba tatizo la sheria hizi lilikuwa pia jicho: askari aliyesimama kando ya barabara haoni simu iliyowekwa pajani.

Afrika Mashariki iliingia katika historia hii ikiwa na sheria za zamani na simu mpya. Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ilitungwa mwaka 1973, mwaka uleule Cooper aliposimama New York na kifaa chake. Walioiandika walifikiria ulevi, mwendo kasi, ubovu wa breki na taa. Kampuni ya kwanza ya simu za mkononi nchini, Mobitel, ilianza kazi mwaka 1994, na trafiki wakabaki na vifungu vya jumla vya uzembe kwa kosa ambalo kila abiria wa daladala analijua kwa jina. Uganda ilitunga mwaka 2004 kanuni mahsusi za kukataza simu za kushika. Kenya iliiweka simu kwenye orodha ya makosa madogo ya barabarani ya 2016, kwa faini ya shilingi 2,000.

Kosa dogo ndilo jina linalokera. Shilingi 2,000 ni pesa kwa dereva wa matatu, lakini jina lenyewe linamwambia kwamba amefanya jambo jepesi, wakati ushahidi wa Toronto na wa Utah unamweka jirani na mlevi. Na mazingira ya kwetu ni mazito kuliko ya Missouri. Waenda kwa miguu na waendesha baiskeli wanagawana lami na malori. Bodaboda huchomeka simu ndani ya helmeti na kuongea huku akipenya kati ya mabasi. Tangu Uber ilipoingia Nairobi mwaka 2015 na Dar es Salaam mwaka 2016, kwa maelfu ya madereva simu imekuwa ndiyo ofisi: inaleta abiria, inaonyesha njia, inapokea malipo. Kumwambia dereva huyo aizime ni kumwambia afunge duka. Anahitaji sheria inayomlazimisha mwenye programu asitume maombi ya safari kwa gari lililo kwenye mwendo, na hilo bado halijapewa uzito unaostahili.

Sheria nyingi hizi zilimtazama aliyeshika usukani peke yake. Mahakama ya rufaa ya New Jersey, Agosti 2013, iligeuza macho upande wa pili wa simu. Mbele yake kulikuwa na kesi ya mume na mke waliokuwa kwenye pikipiki, ambao kila mmoja alipoteza mguu baada ya kugongwa na kijana aliyekuwa akitumiana meseji na rafiki yake wa kike. Majaji walisema kwamba anayetuma meseji naye anaweza kuwajibika, ikiwa anajua kwamba mpokeaji anaendesha na kwamba ataisoma palepale. Msichana yule hakuwajibishwa, kwa kuwa hakukuwa na uthibitisho kwamba alijua. Lakini kanuni ikabaki kwenye vitabu.

Kanuni hiyo inatugusa sana, kwa kuwa simu nyingi zinazoingia garini kwetu zinapigwa kwa mapenzi. Mama anataka kujua mwanawe amefika Morogoro au bado yuko Chalinze. Mke anauliza mkate umenunuliwa. Tajiri anamuuliza dereva wa lori amefika wapi na mzigo. Msomaji, ukimpigia mtu akakwambia yuko kwenye usukani, usimuulize jambo la pili. Mwambie atafute mahali pa kupaki ndipo akupigie, kisha kata simu wewe mwenyewe. Na ukiwa abiria, dereva wa basi akiweka simu sikioni, mwambie aiweke chini, na umwambie kwa sauti ili siti ya nyuma nayo isikie.